Kipande Nilichokiruka

3 Machi

Kwa kaka yangu, Mzee wa Vioo,

Natumaini u mzima na wifi bado anakuvumilia. Mimi pia ni mzima, isipokuwa shingo. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu sauti yangu hunisaliti, nawe unaanza kukohoa kikohozi kisichokuwepo, tunabaki kusikilizana tunavyopumua.

Habari yenyewe ni hii. Unajua futi yangu ya kupimia watu huwa naivaa shingoni kutwa nzima. Mwezi uliopita ikaanza kunikwaruza upande wa kulia. Nikabadilisha futi. Ya pili nayo ikakwaruza. Nikapapasa pale nikakuta futi haina kosa: kuna kitu chini ya ngozi, ukubwa wa kifungo cha koti, kigumu, hakiumi. Kingeuma ningekizoea.

Hospitali yetu walinipa vidonge kwanza wakidhani ni jino. Kikakua. Juzi wamekitoa. Walinichoma ganzi pale pale, nikalala macho wazi nikisikiliza mkasi, nikasema moyoni, huyu hajanoa. Wamekitia kwenye chupa yenye dawa na kubandika jina langu. Nikamuuliza muuguzi kinakwenda wapi, akasema maabara kuu. Nikamwambia, "Kule yuko kaka yangu." Akasema, "Basi msalimie."

Nakuomba jambo moja tu. Wewe utakiona kabla ya watu wote. Ukishajua ni nini, niambie wewe. Sitaki kuambiwa na mtu anayetazama saa ya ukutani.

Barua hii anakuletea dereva wa gari la sampuli. Anasema anakufahamu kwa kicheko chako, kinasikika mpaka getini.

Mume wangu Seremala anakusalimu. Ameacha kunung'unika kuhusu chai, na hilo nalo linanitisha.

Mdogo wako,
Fundi Sindano


6 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako na chupa yako zimefika kwa gari moja, barua kwenye mfuko wa shati la dereva, chupa kwenye sanduku. Nilisoma barua kwanza, kwa hiyo nilipofungua sanduku nilijua ninachotafuta. Hata hivyo, nilipoliona jina la baba yetu kwenye chupa nilikaa chini. Kwa bahati mbaya stuli haikuwepo pale nilipokaa. Wenzangu wamefurahi sana, nami nimeandika kitabuni kwamba sakafu ilikuwa na maji.

Sasa nikueleze kinachofanyika, maana najua usipoelezwa utajieleza mwenyewe, na wewe ukijieleza huwa unaanzia mazishini.

Kile kitu chako tunakikausha maji yote, tunakizamisha kwenye nta ya moto, nta inaganda. Halafu mimi nakikata kwa mashine, vipande vyembamba mno, nikipiga chafya kazi ya asubuhi nzima imepeperuka. Vipande vinaelea kwenye maji ya uvuguvugu, navipandisha juu ya kioo mithili ya mtu anayemtoa nzi kwenye uji bila kumvunja mguu. Tunatia rangi mbili za kawaida, daktari anatazama. Mara nyingi habari inaishia hapo.

Isipoishia hapo, ananiagiza rangi za protini, na hapo ndipo mimi hujidai kidogo. Wewe unashona sare. Mtoto akipotea sokoni, hata akiwa analia hawezi kusema, watu wanatazama shati na kujua ni wa shule gani. Seli mbaya nazo ziko hivyo. Hata zikihama mbali na zilikozaliwa, mara nyingi hubaki na protini za kwao. Tunazimwagia dawa inayoshika protini moja tu, nyingine haitaki hata kuisikia. Ikishika, pale panageuka kahawia. Isiposhika panabaki bluu. Daktari anatazama wapi kahawia na wapi bluu, anajua hizi ni za shule gani. Na akishajua shule ndipo anajua dawa, maana dawa ya hii siyo dawa ya ile.

Kuhusu ombi lako: mimi natia rangi tu. Anayesoma ni daktari wetu, tunamwita Mama Miwani kwa kuwa huwa na miwani mbili kichwani na bado anaitafuta ya tatu. Kuniuliza mimi maana ya kioo ni sawa na kumuuliza mpiga pasi kama suti itapendeza harusini. Tena tumekatazwa. Kwa hiyo sikuahidi, mdogo wangu, usije ukasema niliahidi.

Huenda ni mtoki tu uliokasirika. Mitoki ya ukoo wetu ina hasira, kumbuka shangazi.

Kaka yako,
Mzee wa Vioo


14 Machi

Kaka,

Mtoki haukukasirika.

Nimeitwa leo. Daktari wa hapa ni kijana mpole, alivuta kiti akakaa karibu, nami nilipoona kiti kinavutwa nikajua. Akasema, "Mama, majibu ya kwanza yanaonyesha saratani." Nikamuuliza saratani ya nini. Akasema, "Hilo ndilo bado halijajulikana. Ukizitazama hivi hivi zinafanana. Inawezekana imeanzia hapo hapo kwenye tezi, inawezekana imetoka kwingine ikaja kukaa hapo. Wameagiza vipimo vingine kulekule."

Nikamwambia, "Rangi za protini." Akanishangaa. Nikasema, "Ile kahawia na bluu." Akaniuliza kama mimi ni muuguzi. Nikasema mimi fundi cherehani. Nadhani ni mara ya mwisho nimejisikia mwenye akili leo.

Kaka, naogopa. Nilirudi dukani nikaketi kwenye mashine, nikashona mfuko wa sketi kwa nje. Mteja alikuja kuchukua kaptula za mwanawe akanisimulia habari za mkwe wake, nusu saa nzima, nami nikaitikia "ehe, ehe", huku nahesabu viungo vyangu. Tumbo liko sawa? Kifua? Jana nilikohoa, kilikuwa kikohozi cha vumbi au cha kitu? Kila mahali mwilini mwangu pamekuwa na mgeni anayejificha. Nikioga sijigusi.

Unasema hukuahidi. Sawa. Lakini vioo hivyo vitapita mikononi mwako. Usiniambie mkono wako utashika kioo changu na jicho lako litatazama dirishani.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi huku ni wazima. Mvua zimeanza. Wifi yako anakusalimu sana.

Vioo vyako vimetiwa rangi jana na viko mezani kwa daktari, ila hajavisoma. Alikuwa na mkutano na kesho ana mwingine. Kwa hiyo bado hakuna jibu. Usiwe na wasiwasi.

Jitunze. Punguza kazi. Pengine ni vizuri binti yako aje nyumbani mkae pamoja kidogo. Ule vizuri, upumzike, na ujitunze.

Kaka yako akupendaye


21 Machi

Shemeji,

Barua hii ni yako peke yako. Nimemwambia dereva akupe mkononi, karakanani, si nyumbani.

Nimefanya jambo nililokatazwa. Jana jioni Mama Miwani alipotoka kwenda mkutanoni niliingia chumbani kwake nikakiweka kioo cha dada chini ya hadubini yake. Nilikuwa na dakika chache, mlango uko wazi, nasikiliza nyayo kama mwizi wa mara ya kwanza. Kilikuwa kioo cha rangi inayoshika seli za ngozi na za kuta za ndani za mwili: mapafu, tumbo, utumbo, matiti. Seli hizo hazina kazi shingoni ndani ya tezi. Zikionekana pale, zimesafiri.

Shemeji, palikuwa kahawia tupu.

Hiyo maana yake imeanzia kwingine na imeshatembea. Sijui wapi. Daktari atajua. Lakini nimefanya kazi hapa miaka mingi, na najua wanavyotikisa kichwa wakiona hivyo.

Usimwambie. Nakusihi. Mwache apate siku hizi chache mpaka jibu rasmi litoke. Kuwa mpole naye, usimnyime chochote. Mimi nimejaribu kumwandikia nikashindwa hata kutania.

Shemeji yako


24 Machi

Kaka,

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta utani. Hakuna hata mmoja. Umeniandikia mvua zimeanza. Tangu lini wewe na mimi tunaandikiana habari za mvua? Mama alipofariki uliniandikia kwamba mchungaji amevaa viatu vya watu wawili tofauti, nikacheka huku nalia. Leo unaniambia nijitunze, nimwite binti nyumbani, nijitunze tena.

Umeona nini?

Kama umekatazwa kusema, usiseme. Andika kitu kimoja tu cha kipuuzi katika barua ijayo nami nitajua hujaona chochote. Sema wifi ameunguza sufuria. Sema umekalia miwani ya daktari. Chochote.

Nimeichungulia barabara leo mchana kila gari linapopita.

Mdogo wako


29 Machi

Shemeji,

Mimi si mtu wa kalamu, nipe kabati nitakutengenezea. Lakini hili lazima niliandike.

Ulisema nisimwambie. Sikumwambia. Nilianza kuosha vyombo tu. Nikatandika kitanda. Nikamletea chai dukani kwenye trei. Dada yako akanitazama siku ya kwanza, akanitazama ya pili, ya tatu akazima mashine akaniuliza, "Nani amekwambia nakufa?" Nilitafuta jibu, shemeji. Mdomo ulifunguka wenyewe ukasema, "Kaka yako." Hayo mengine alinichomoa kama misumari.

Hakulia. Ingekuwa heri alie. Alisema kitu kilichotoka mbali mpaka kikafika shingoni kimeshapita kote, na anayetaka kukikimbiza akikimbize peke yake, yeye ana sare za kumaliza. Tarehe yake ya kurudi kliniki ilikuwa jana. Hakwenda. Nilisimama mlangoni na koti lake mkononi kama mtumishi, akanipita akaenda kukata vitambaa.

Binti amekuja. Anafundishwa kukata kola. Analia, kola zinatoka mbovu, mama yake anazifumua. Hospitali wamepiga simu, akaizima akaitia kwenye kopo la vifungo. Shingo imeanza kuvimba tena, chini kidogo ya mshono.

Wewe ndiye unayeyajua mambo haya katika familia. Kama kuna neno la kumfanya aende, liandike. Kama hakuna, niambie pia, niache kumsumbua mke wangu siku zake za mwisho.

Seremala


2 Aprili

Mdogo wangu,

Soma barua hii ukiwa umekaa, na stuli iwepo.

Nilipopata barua ya shemeji nilikwenda kwa Mama Miwani. Nilikuwa nimejipanga kumwomba aniambie jinsi ya kukushawishi. Nikaanza kusema, nikajikuta nasema yote, pamoja na kuingia chumbani kwake. Alivua miwani moja. Nikadhani nafukuzwa kazi. Akaniuliza, "Uliona nini?" Nikasema nimeona kahawia. Akasema, "Wapi?"

Akakitoa kioo chako akakiweka chini ya ile hadubini ya watu wawili, yeye upande huu, mimi upande ule. Akasema, "Nionyeshe." Nikasogeza mpaka nikapapata, kahawia tele, nikasema, "Hapa, daktari." Akasema, "Hicho si cha dada yako. Hicho ni kidole tumbo."

Mdogo wangu, kila kioo cha rangi hizi kina vipande viwili. Kimoja cha mgonjwa. Kingine ni cha kupimia rangi yenyewe: tunachukua kipande ambacho tunajua lazima kigeuke kahawia, ili kama hakikugeuka tujue dawa imechacha. Kwa rangi ile tunatumia kidole tumbo cha mtu aliyetolewa zamani, hatumjui hata jina. Na anayekibandika pale kila siku ni mimi. Mimi huyu. Kwa kawaida kiko juu na cha mgonjwa kiko chini, na kazi yangu nikimaliza kutia rangi ni kukitazama hicho cha juu tu, kuona kama rangi imekubali. Siku ile nilikiweka kioo kichwa chini kwa haraka zangu. Nikakiruka kipande cha kwanza nikidhani ndicho cha kupimia, nikaenda kutazama cha pili. Kile nilichokiruka ndicho kilikuwa chako.

Tukakitazama. Kilikuwa bluu, safi, hakuna kahawia hata ya kusingizia. Mama Miwani akasema, "Umepata hofu ya bure kwa kidole tumbo cha watu." Hakucheka, nami sikucheka. Niliomba ruhusa nikatoka nje nikashika ukuta.

Sasa sikia sehemu ya pili, maana sitaki tena kukuficha kitu. Saratani ipo. Haikutoka kwingine, ni ya tezi zenyewe, za mitoki. Kioo cha protini yao kiligeuka kahawia chote, upande wako, nimeonyeshwa kwa kidole safari hii. Ugonjwa huo una dawa, na mojawapo ya dawa hizo huitafuta protini ileile niliyoitia rangi, inaifuata mwilini inaishika. Wengi wanapona. Nilimuuliza kama wewe utapona, akasema hawezi kusema hivyo kwa mtu ambaye hajamwona, na kwamba kuna vipimo vingine.

Lakini kuna kioo kingine pia. Kile kinaonyesha seli ngapi ziko mbioni kugawanyika. Chako kilikuwa kahawia karibu chote. Inakua haraka, mdogo wangu. Alisema zinazokua haraka mara nyingi dawa inazikamata vizuri, ila hazimngojei mtu. Uvimbe anaouona shemeji chini ya mshono ndio huo.

Siku ulizokaa nyumbani nimekupotezea mimi. Nenda kesho. Jibu rasmi liko kwa yule daktari wako wa kiti.

Kaka yako


5 Aprili

Kaka,

Nimeisoma. Umeandika vizuri, kidole tumbo na kila kitu. Seremala amelia kwa furaha, binti ameshafungasha nguo zangu. Mimi nimezitoa tena.

Nieleze vizuri. Wiki mbili zilizopita uliona kwa macho yako kwamba nakufa. Leo umeona kwa macho yaleyale kwamba nina dawa. Katikati hapo, mume wangu alikuandikia kwamba nimekataa kwenda hospitali, akakuomba neno la kunifanya niende. Na neno likaja. Ungekuwa wewe ungesadiki?

Nakujua. Nilipokuwa mdogo uliniambia mbwa wetu amehamia kwa watu wenye shamba kubwa. Wewe ni mtu mwema, lakini wema wako una uongo mwingi. Yule daktari wa kiti nimempigia, nimeitoa simu koponi, naye anasema hivyohivyo, tezi, dawa, njoo. Sasa nawaza, huyu naye kapigiwa na kaka yangu.

Sijui kama unaelewa. Nilishajiandaa. Ilinichukua nguvu zangu zote. Niligawa vitambaa, nilimwonyesha binti ninapoweka sindano nzuri, nilianza kuzoea. Hofu ilikuwa imekaa mahali pamoja imetulia. Wewe unaniambia niinuke nianze kuogopa upya: sindano, kutapika, nywele, kusubiri, na mwisho wake labda. Nikienda nikakuta ni uongo wa huruma, sitakuwa na nguvu za kujiandaa mara ya pili.

Nataka nione mwenyewe. Hicho kioo. Nikikiona nitaamua.

Mdogo wako


7 Aprili

Mdogo wangu,

Mbwa alikufa, ni kweli. Alikabwa na mfupa. Nimekaa nalo muda mrefu.

Barua yako nimempelekea Mama Miwani, sikubadilisha neno. Nilidhani atasema wagonjwa hawaingii maabara. Akaisoma mpaka mwisho, akachukua kalamu yangu, akaandika hapa chini mwenyewe. Mwandiko wake ni wa kidaktari, kwa hiyo ukisoma mwombe mwenye duka la dawa akusaidie.

Kaka yako

*Mama, mimi sijawahi kukuona na sina sababu ya kukubembeleza. Kaka yako ni fundi mzuri wa rangi na msomaji mbovu kuliko wote niliowahi kukutana nao. Kioo chako ninacho. Njoo ukitazame, kiti kipo. Lakini njoo wiki hii, kwa sababu kile ninachokiona hakitakusubiri uamini.*


17 Aprili

Shemeji,

Najua umeshapigiwa simu na binti, lakini binti ana mkato wa maneno kama telegramu, nawe utataka kujua mambo yalivyokwenda. Basi nikusimulie.

Asubuhi ya siku aliyofika tuliingia maabara. Dada alikuwa amevaa vizuri kama anayekwenda kudai haki yake. Wenzangu walisimama wote, hata mimi nilisimama, ingawa nilikuwa nimekuja naye. Mama Miwani akamweka upande wangu wa hadubini, akamwambia, "Funga jicho moja mwanzoni, utazoea." Akaanza na kile kipande cha kidole tumbo. Dada akatazama. "Hiki ndicho alichokiona kaka?" Akaambiwa ndicho. Halafu kioo kikasogezwa polepole, pakawa peupe katikati, tupu, kisha kikaingia cha kwake. Bluu. Alikaa pale muda mrefu sana. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikitazama kisogo chake, sijawahi kuona kisogo kigumu namna ile.

Akauliza, "Zote hizi ni mimi?" Mama Miwani akasema, "Ni kile walichokutoa."

Akatoa kioo hicho akaweka kile cha protini ya mitoki. Kahawia tupu. Dada akashtuka, nikaona mabega yanaruka. Akasema, "Hii ndiyo mbaya." Mama Miwani akasema, "Hii ndiyo yenye dawa." Hakuongeza neno, wala hakutabasamu, na nadhani hilo ndilo lililofanya kazi. Mimi ningetabasamu nikaharibu kila kitu.

Dada akainua kichwa akauliza, "Na yule mwenye kidole tumbo alipona?" Akajibiwa watu wa kidole tumbo huenda zao nyumbani. Akasema, "Nilitaka tu kujua." Akachukua mkoba wake, akauliza wodi iko wapi.

Vipimo vingine vilichukua siku kadhaa. Hawajaona kitu tumboni wala kifuani, ila upande wa pili wa shingo umeanza kuvimba. Jana ndipo walipoanza dripu. Nitakuambia kweli, shemeji, kwa sababu nimekoma kusema vinginevyo: haikuanza vizuri. Dawa ilipoingia kidogo tu akaanza kutetemeka, meno yanagongana, kitanda kinagonga ukuta. Alinishika mkono akawa ananitazama kama ninajua jambo. Nilimwita muuguzi kwa sauti ambayo wodi nzima iligeuka. Muuguzi akaja bila haraka, akaifunga ile dripu, akamchoma sindano, akamfunika mablanketi mawili, akasema siku ya kwanza huwa hivi kwa wengi. Kisha akaifungulia tena, tone moja moja. Nilibaki nimeyatolea macho yale matone. Kila moja likichelewa moyo wangu unachelewa nalo.

Daktari wa wodi amesema itabidi mizunguko kadhaa, na baada ya michache watapima waone kama inapungua. Nikamuuliza kama itapungua. Akasema tutaona. Hapa ndivyo wanavyojibu wote, shemeji, zoea.

Njoo Jumamosi. Lete kanga zake mbili, anasema mashuka ya hapa yanakwaruza. Nywele zimeanza kumsumbua moyoni kabla hata hazijang'oka, kwa hiyo ukija usizitazame sana, wala usijifanye huzitazami.

Jana mchana, kutetemeka kulipoisha, alikuwa amelala macho wazi anaangalia dari. Nikaanza kumsimulia habari za wifi yake na sufuria, nikazipamba. Alinisikiliza mpaka nusu, akanikatiza. Akaniuliza, "Kaka, unaogopa?"

Nikasema, "Hapana."

Akageuza kichwa akanitazama.

Nikasema, "Ndiyo. Naogopa sana. Tangu ile chupa ilipofika sijalala vizuri."

Akasema, "Haya," akavuta blanketi mpaka kidevuni, akalala.

Shemeji yako